Homoni Imeshuka, Nyumba Imejaa Wageni

Alhamisi. Julai imekaa katikati na Dodoma ni upepo mtupu. Tangu asubuhi vumbi linapita chini ya mlango kama mtu anayedai haki yake, na baridi imenifanya nivae koti la mtumba ambalo Mama Zuhura, mke wangu, anasema linanifanya nifanane na mlinzi wa benki. Duka sikufungua.

Shajara yangu, leo usitegemee kicheko. Najua wewe na wasomaji wangu wachache walioko mbali mmezoea kwamba nikianza kuandika lazima fisi akimbie au korongo lifurike. Leo fisi wako salama. Moyo wangu ndio hauko salama.

Naandika hapa kwa sababu mtaani kwetu hakuna anayesoma blogu. Wanasoma magazeti ya michezo na vibandiko vya kwenye malori. Majina ya watu nimeyageuza. Hata hivyo naandika huku nageuka nyuma.

Mimi ni mjomba. Asiyeujua ujomba atadhani ni cheo cha kula pilau na kukaa kiti cha mbele harusini. Rukia ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi, nimemsomesha mimi, nimemwoza mimi kwa Idi, kijana wa Kirangi kutoka Busi, Kondoa, dereva wa malori ya kwenda Burundi. Jambo lolote la Rukia likitaka kwenda kwa wakwe zake, linapitia kinywani mwangu. Na kinywa chenyewe ndicho hiki nilichonacho.

Wameoana miaka mingi, mtoto hakuna. Nikawa wa kwanza kusema waende Dar es Salaam, kwenye ile kliniki ambako yai la mke na mbegu ya mume vinakutanishwa nje ya mwili. Siku hizi kila kitu kipo, ni wewe na mfuko wako. Vilivyokutana vikawa viinitete, ndivyo daktari anavyoviita, na vikawekwa kwenye barafu kali. Kimoja kilipandikizwa, hakikushika. Cha pili kikapandikizwa mwaka jana, Rukia akakaa na matumaini siku chache, nacho kikaondoka.

Kimebaki kimoja.

Sasa barafu ile naijua. Nasema bila kujisifu, au basi, najisifu kidogo tu. Kabla sijafungua duka la dawa za mifugo hapa sokoni Majengo, nilifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe la serikali kule Kongwa. Darasa la saba langu hili hili, lakini nilikuwa nashika mtungi wa naitrojeni ya kugandishia ambao wasomi walikuwa wanausogelea kwa kunyata. Ndani ya mtungi kulikuwa na mbegu za madume ya Ulaya, zimelala kwenye mirija myembamba kama njiti. Siku moja niliubeba kwa baiskeli kutoka Mlali, mwezi wa Novemba, jua la kupasua mawe, kifuniko kikalegea kidogo. Nilipofika, masharubu yalikuwa na theluji, na inzi walionifuata njiani walidondoka mmoja mmoja kama mvua ya mawe. Wapo walioshuhudia. Bahati mbaya wengi wamefariki.

Shamba lilipobinafsishwa tukapunguzwa kazini. Wengine walirudi kijijini kulia. Mimi nikafungua duka, na mpaka leo watu wananiita Dokta. Heshima haikataliwi.

Ndiyo maana jambo la Rukia lilipoanza nililishika mimi mbele. Nilimwambia, "Mwanangu, wewe tulia. Kugandisha na kuyeyusha ni kazi niliyoifanya ukiwa hujui kuvaa viatu." Naye akanijibu, "Mjomba, mimi si ng'ombe wako." Tulicheka wote. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka.

Ngoja nieleze habari ya homoni, maana kila kitu kimekwama hapo.

Kiinitete kilichogandishwa hakiingizwi siku yoyote mtu akijisikia. Nyumba lazima iandaliwe kwanza. Kuna homoni ya estrojeni, Rukia alikuwa anameza vidonge vyake kila siku, hiyo ndiyo inayotandika kitanda. Halafu inafuata projesteroni. Hiyo, kwa nilivyomwelewa daktari, ndiyo inayozima kelele ndani ya nyumba na kumwambia mgeni, karibu, lala hapa. Projesteroni ikiwa kidogo, kitanda kimetandikwa lakini nyumba haijatulia, na mgeni anaweza kuondoka. Ndiyo maana wanapima damu kabla ya kuyeyusha.

Projesteroni ya Rukia ilikuja kama vidonge laini, ukubwa wa haragwe, na si vya kumeza. Huwekwa mahali ambapo wanawake wanajua wenyewe, kisha mtu anatakiwa alale kitandani muda wa kutosha, asubuhi, mchana na usiku, ili dawa iingie mwilini isirudi nje. Hili la kulala sikulijua. Nilijua kuna dawa, sikujua inavyotumika. Mjomba haulizi mambo hayo, na Rukia hawezi kumwambia mjomba mambo hayo. Heshima yetu ndivyo ilivyo, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka wiki hii.

Wiki iliyopita nilifunga safari kwenda Busi kwa mama yake Idi. Kwa desturi ilibidi, maana Idi yuko njiani na lori, mtu wa kumpa mama taarifa ni mimi. Taarifa yenyewe ilikuwa fupi: mwanao na mkewe wanajaribu tena, tuombeane dua. Maneno hayo yangetosha.

Lakini nilikuta watu wamekaa, nikapewa kiti kizuri, nikapewa maziwa mgando na asali, na ulimi ukapata mafuta. Nikawaambia safari hii hakuna kubahatisha. Nikawaambia daktari wa Dar amenipigia simu kuniuliza ushauri. (Alinipigia kweli. Aliuliza kama Rukia ana namba nyingine.) Nikasema, "Mama Idi, jiandae kubeba mjukuu. Wiki ijayo tunakwenda kumchukua." Nilisema kumchukua, kana kwamba ni mzigo uko stendi.

Mama Idi ni mwanamke mwembamba, mkavu, maneno yake machache kama mtama wa mwaka wa njaa. Aliinua mikono akaomba dua, machozi yakamtoka.

Kesho yake alikuwa kwenye basi na kopo la samli, unga wa uwele na mkeka wake, anakuja Dodoma kumhudumia mkwewe.

Nami huku mjini sikunyamaza. Kijiweni walisikia. Msikitini walisikia baada ya swala. Muuza kahawa alisikia, na muuza kahawa akisikia, mji mzima umesikia. Watu wakaanza kuja kwa Rukia. Wengine walikuja kumwamkia mgeni aliyetoka Kondoa, maana mgeni haachwi peke yake. Wengine walikuja kuomba dua. Wengine, Mungu anisamehe, walikuja kumwangalia Rukia tumbo, wakati tumboni hakuna kitu. Nyumba ni chumba na sebule. Wanawake wakajaa sebuleni, wakamwagika chumbani, wakakaa kitandani kwake wananyonyesha watoto wao.

Mimi nilipita nikaona viatu vilivyojaa mlangoni, nikafurahi. Nilisema moyoni, tazama mtoto wa dada yangu anavyopendwa.

Jumatatu tukaenda Dar, mimi na Rukia. Damu ikachukuliwa siku hiyo hiyo, tukalala kwa binamu yangu, na Jumanne asubuhi tukaitwa.

Daktari ni mama mmoja, bado kijana, mpole, anavaa viatu vya raba. Mara ya kwanza tulipoonana nilimwambia mimi na yeye ni watu wa kazi moja, akacheka vizuri bila kunidharau. Jumanne hakucheka. Alitukalisha, akasema kiinitete bado kiko kwenye barafu, hakijaguswa, kwa sababu kiwango cha projesteroni kimerudi chini sana kuliko anavyotaka kukiona.

Mimi nikauliza, "Chini kama nini, daktari?" Nilitaka anipe mfano. Akasema, "Chini kiasi kwamba kama angekuwa mdogo wangu, ningemwambia asubiri."

Kisha akaeleza bila haraka. Anaweza kuongeza projesteroni kwa sindano na kuendelea leo, na wapo wanaopata mimba hivyo. Anaweza pia kusimamisha, Rukia arudi nyumbani, aanze upya mzunguko mwingine, apimwe tena. Kipimo si Mungu, alisema. Wapo ambao homoni zao zilikuwa nzuri na hawakushika, na wapo ambao zilikuwa mbaya wakashika. Lakini zikiwa chini hivi nafasi inapungua, na hiki ni cha mwisho. Uamuzi ni wa Rukia.

Rukia hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Niwekeeni leo."

Daktari akafunga faili. Akasema anatupa muda, akatoka.

Tukabaki wawili na feni. Rukia alikuwa anavuta ukingo wa mtandio wake, anaukunja, anaukunjua. Akasema, "Mjomba, nikirudi mikono mitupu, nitamwambia nini mama? Amekuja na samli. Watu wameshaomba dua. Wewe umeshasema."

Wewe umeshasema. Hakulitamka kwa ukali. Alilitamka kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Sasa hapa, shajara, niandike kile ambacho sijamwambia hata Mama Zuhura. Jibu la kwanza lililonijia ni "endelea". Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Na halikuja kwa ajili ya Rukia. Niliuona mlango wa kijiwe, nikaona nyuso zinageuka, nikasikia, "Dokta, mtoto yuko wapi? Mmemsahau stendi?" Nilikuwa tayari kuyeyusha kiinitete cha mwisho cha mtoto wa marehemu dada yangu ili nisichekwe kwenye bao.

Kilichonizuia ni kazi yangu ya zamani. Kule shambani mfugaji alikuwa anaweza kutembea kutwa nzima na ng'ombe wake kuja kupandikizwa. Ukimpima ng'ombe unaona wakati wake haujafika. Lakini mwenyewe ametoka mbali, ameacha shamba, majirani wamemwona akiondoka. Unamwonea haya. Unatoa mrija mtungini, unauyeyusha, unampandikiza kwa haya tu, na ng'ombe hashiki. Nimeona mbegu nzuri ngapi zimekwenda hivyo! Na kilichoyeyuka hakirudi mtungini. Kikiwa kwenye baridi, kinaweza kukungoja. Ukishakitoa, maneno yamekwisha.

Nikamwambia, "Mama, tusubiri." Nikisema naye kwa upendo namwita mama, maana ana jina la mama yangu.

Akaniangalia. "Na mama mkwe?"

"Huyo niachie mimi."

Alikubali. Lakini hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Rukia akilia namjua. Akinyamaza simjui.

Kwenye kurudi jana, gari liliposimama Gairo watu wanunue maji, tulishuka tukasimama pembeni, kwenye upepo. Ndipo aliponiambia, huku uso ameuelekeza kwenye vilima. Nesi wa kliniki alikuwa amemwuliza dawa anaiwekaje, na kama anapata kulala. Akasema hakupata.

"Nitalalaje mchana, Mjomba, mama mkwe amekaa sebuleni anachagua mchele? Ataniona mvivu. Kila nikiingia chumbani wanawake wamekaa kitandani. Nikisema naumwa, watauliza naumwa nini. Dawa nilikuwa naiweka chooni halafu natoka kuwapikia chai. Siku nyingine sikuiweka kabisa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Swali la kijinga. Angemwambia nani? Mimi?

Nesi alimwambia huenda ni hilo, na huenda si hilo. Miili haifanani, wengine hulala kutwa nzima na homoni yao bado haipandi. Nimelishika hilo "huenda si hilo" tangu jana kama mtu aliyeshika ufito kwenye mafuriko. Lakini wale wanawake nani aliwaita? Viatu vile mlangoni nilivyovifurahia, ni nani aliyevipanga?

Nikamwambia, "Ni mimi niliyewaleta." Akasema kitu kingine.

"Mjomba, nakuomba jambo moja. Ukifika mwambie mama umeme ulikatika Dar, mashine zikazima, tumeambiwa turudi mwezi ujao. Wewe unajua kusimulia. Usiseme habari ya dawa. Usiseme habari ya kulala. Nitakufa kwa aibu."

Uongo ule ulikuwa mzuri, nauhusudu mpaka sasa. Mgawo wa umeme, nani atabisha? Njia nzima nilikuwa naujenga. Niliweka jenereta iliyokataa kuwaka, nikaweka fundi wa Kihindi amelala chini ya jenereta, nikajiweka mimi mwenyewe nashika tochi kwa meno. Kufika Dodoma ulikuwa umesimama wima, hauna tundu.

Tulikuta mkeka umetandikwa, uji wa uwele umepikwa, samli inang'aa juu yake. Mama Idi alisimama mlangoni. Nyuma yake wanawake sijui wangapi, na mmoja akapiga kigelegele kabla hata mgongo wa Rukia haujaingia ndani. Rukia alipita katikati yao ameinama, akaenda jikoni. Hajakaa, hajanywa maji, ameshashika sufuria ya chai ya wageni.

Nilisimama pale na uongo wangu mdomoni, nikaona jambo ambalo mtoto mdogo angeliona. Nikisema umeme, wote watasema pole, watakaa. Mama Idi atakaa mpaka mwezi ujao, kwa upendo kabisa. Wanawake watarudi kesho na dua nyingine. Na Rukia atawapikia chai mpaka siku ya kupimwa damu.

Nikawaomba wanawake watupishe, nina neno na mkwe wangu. Waliondoka polepole, wengine mpaka dirishani tu. Nikamwita Mama Zuhura akae nasi, maana maneno yale yalihitaji mwanamke. Kisha nikaanza, na nakuambia kweli, shajara, mimi niliyesimulia mbele ya mkuu wa wilaya na kumfanya asahau hotuba yake, nilitafuta maneno kama mtu anayetafuta shilingi gizani.

Nikasema, "Mkwe, mtoto hakuwekwa. Homoni yake imeshuka. Kuna dawa ambayo mtu akishaitumia sharti alale. Mchana. Kila siku. Na Rukia hawezi kulala ukiwa umekaa."

Mama Zuhura akaingilia, akaeleza kwa kike, kwa sauti ya chini, dawa ni ya namna gani. Mimi nikaangalia dari.

Mama Idi aliuliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyemtoa mjukuu wangu?"

"Hapana, mkwe! Hajatoka mtu. Bado yuko kwenye barafu, salama. Na wenyewe wanasema huenda hata si hilo. Kama ni kosa, ni la mdomo wangu uliojaza watu humu."

"Nilipokaa, alisimama," akasema, kama hakunisikia. "Nikikaa tu, anasimama. Nilisema moyoni, mwanangu amepata mke. Mke anayejua mtu mzima akikaa inakuwaje. Nilimsifia mpaka kwa majirani zako." Akageuka kutazama jikoni. "Kumbe nilikuwa nasifia nini?"

Mimi nikarudisha macho darini.

Alinyanyuka akaanza kukunja mkeka wake. Mama Zuhura akamwambia, "Bibi, kaa, usiondoke hivyo." Akasema, "Nikikaa atasimama." Ndiyo maneno yake ya mwisho jana. Alilala kwetu, si kwa Rukia, na leo asubuhi nimemsindikiza stendi. Nilijaribu kumpa neno moja la kuchekesha, la beberu mmoja wa Chamwino aliyepanda basi peke yake. Hakucheka. Samli ameiacha. Sijui ameiacha amwachie Rukia, au ameiacha kwa sababu hakutaka tena kugusa kilicholetwa kwa ajili ya jambo hili. Kopo la samli haliwezi kukuambia.

Idi hapatikani. Yuko mpakani au ng'ambo yake, simu inaita inakata. Mama yake atampata kabla yangu, na sijui atamwambia nini. Anaweza kusema, mvumilie mkeo, tumekosea sisi. Anaweza kusema, mwanangu, kule wanasema hata kukaa kwangu ni ugonjwa, tafuta mke mwingine ambaye mama yako ataweza kukaa mbele yake. Idi ni kijana mwema, lakini mama ni mama. Nimeoza binti, najua ndoa inavyochanika. Haianzi na kelele.

Na Rukia hasemi nami.

Alikuwa jikoni, kuta zetu ni za tofali moja, alisikia yote. Nilipokwenda kumuaga jana alisema sentensi moja tu, mgongo amenigeuzia: "Nilikuomba kitu kimoja, Mjomba." Leo nimekwenda mara mbili. Mlango umefungwa kwa ndani. Nimesimama pale kama mdai.

Najiuliza kama nilifanya vyema. Maisha yangu yote nimedanganya pasipohitajika uongo, na mara moja nilipoombwa uongo, tena na mtoto wangu, kwa heshima yake, nikatoa ukweli. Nilimwaibisha kwa mama mkwe wake. Nilitaja kitanda chake na dawa yake mbele ya mtu ambaye hatakiwi hata kujua kwamba anaumwa kichwa. Huenda nimemwokolea kiinitete na kumvunjia nyumba. Mtoto atazaliwa kwa nani?

Sijui. Ng'ombe ni rahisi. Ng'ombe wakati wake usipofika unamrudisha zizini, unangoja, hana mama mkwe.

Lakini kuna jambo moja naliona waziwazi, na ndilo lililonifanya nikae niandike. Leo jioni, Mama Idi ameshaondoka, mgeni hayupo tena, nimepita kwa Rukia na nimekuta viatu mlangoni. Jozi nne au tano. Wamekuja kumpa pole. Pole ya nini, hawajui vizuri, lakini wamesikia mkwe ameondoka na pole haichelewi. Mlango niliofungiwa mimi, wao walifunguliwa, kwa sababu mgeni hafungiwi. Kupitia dirishani nimemwona amesimama na birika.

Mzunguko mpya unaanza karibuni. Estrojeni kwanza, halafu vile vidonge vya haragwe. Watu hawa siwezi kuwafukuza. Nikiwaambia kweli, nimemwaibisha mara ya pili, na mtaa mzima. Nikiwaambia msije, ndiyo watakuja na jamaa zao.

Kwa hiyo nimewaza. Kesho asubuhi muuza kahawa atanipitia kama kawaida. Nitamwambia, kwa siri sana, asimwambie mtu, kwamba Rukia amerudi na tetekuwanga kutoka Dar. Kabla ya adhuhuri hakutakuwa na kiatu mlangoni pake. Wenye watoto watapitia barabara ya nyuma. Mama Zuhura peke yake ndiye atakayeingia, apike, afue, azime taa, atoke. Na Rukia atalala, asubuhi, mchana na usiku, hakuna wa kumwita mvivu.

Nilipolipata wazo hili nilijipiga pajani kwa furaha. Halafu nikakumbuka tetekuwanga haikai kiasi hicho. Itakwisha kabla dawa haijaanza, na mimi nitakuwa nimeutumia ugonjwa mzuri bure. Nimefikiria kifua kikuu, lakini hicho jina lake halifutiki, na Idi akirudi atasikia nini? Nimefikiria macho mekundu, hayatishi vya kutosha. Nimefikiria kitu cha Dar ambacho hakina jina, lakini watu wa hapa ugonjwa usio na jina wataupa jina wenyewe, na jina watakaloupa nalijua.

Na kuna hili pia, ambalo wiki iliyopita nisingeliona. Mwili ni wake. Nimeshamtangaza mara mbili bila kumwuliza, mara moja kwa kujisifu na mara moja kwa kusema kweli. Ya tatu nitamwuliza kwanza.

Nitakwenda alfajiri baada ya swala, kabla ya muuza kahawa. Asipofungua sitagonga tena. Nitazunguka nyuma, upande wa dirisha la chumbani, nitasimama kwenye upepo na koti langu la mlinzi, na nitamwuliza kwa sauti ya chini, asikie yeye tu:

Mwanangu, nikusingizie ugonjwa gani?